Mpiga Ngoma na Mwizi wa Serikali

Ungepita mtaani kwake siku yoyote ukauliza nyumba ya Mzee Kitasa, ungeonyeshwa hata na mtu ambaye gazeti kwake ni la kufungia vitu tu. Ile pale, yenye mlango. Nyumba zote za mtaa ule zilikuwa na milango, sivyo? Lakini ukitaja mlango tu, watu walijua unausema wa nani. Ulikuwa wa mbao nzito, rangi ya kahawa iliyoungua, na ubavuni mwake kilikaa kitasa cha shaba chenye ndimi tatu, kila ulimi mnene kama kidole gumba cha seremala. Kitasa kile kiliwahi kupigwa picha kikatokea gazetini, na mwenyewe akionekana pembeni, sikio moja na nusu ya tabasamu. Tangu hapo jina likamganda, na la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho.

Mzee Kitasa alikuwa mwandishi wa mambo ya usalama. Kila Jumapili, katika ukurasa wa ndani wa gazeti, aliwajibu wasomaji. Utamjuaje fundi wa kweli na fundi wa kukuibia? Ufunguo ufichwe wapi? Bata bukini na mbwa, nani mlinzi bora? (Hilo la bata bukini liligombaniwa mpaka mhariri akalifunga kwa amri.) Chini ya picha yake paliandikwa hivi: "Mwandishi alilitumikia Jeshi la Polisi kwa miaka mingi na sasa amestaafu."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Alilitumikia. Kazi aliyoifanya humo, tangu siku aliyovaa sare mpaka siku aliyoivua, ilikuwa kupiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi. Hakuwahi kumkamata mtu. Pingu alizishika mara moja tu, alipomsaidia mpiga tarumbeta mmoja aliyejifunga kwa majaribio na ufunguo ukawa haujulikani ulipo. Jambazi pekee aliyepata kumwona kwa karibu alikuwa ameketi viti vya mbele kwenye sherehe, na hakuna aliyemjua kuwa ni jambazi mpaka alipohukumiwa.

Ukurasa aliupataje? Alikwenda gazetini kuweka tangazo kwamba anafundisha ngoma kwa bei nafuu. Mhariri, mwanamke mwenye haraka ambaye miwani yake ilishinda kichwani kuliko machoni, alimuuliza alifanya kazi wapi. Akajibu, polisi. Papo hapo akavutiwa kiti, akaletewa chai. Wasomaji walikuwa wakiulizia habari za wezi, na wapelelezi wote waliostaafu walikuwa wamekwisha chukuliwa na kampuni za ulinzi. Mara mbili Mzee Kitasa alifungua kinywa aeleze habari ya ngoma, na mara zote mbili simu ikalia. Alipokifungua kwa mara ya tatu, alikuwa amekwisha kuwa mwandishi.

Wala hakuifanya kazi kwa ujanja. Alizunguka kwa mafundi wa vitasa, akakaa na walinzi wa maghala, akawauliza wachomeleaji wa madirisha, akasikiliza, akaandika. Yeye alisema kidogo, waliobaki kujazia walikuwa wasomaji. Walijua kabisa kwamba aliwahi kumfukuza mtu juu ya mapaa ya mabati. Bibi mmoja alisafiri kuja kumwomba amwonyeshe kovu la risasi. Mzee Kitasa, kwa kukosa la kufanya, alimwonyesha alama ya mkanda wa ngoma begani. Bibi akalia machozi, akambariki.

Nyumbani alifuata mashauri yake mwenyewe neno kwa neno, na aliyeumia ni mkewe. Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke mpole aliyezoea kusema na watu wafupi, na kwa mazoea hayo alisema na watu wote vivyo hivyo. Ufunguo wa akiba ulihama maficho kila wiki, hata mwenye kuuficha akawa hajui ulipo. Vitambulisho vya familia vilifichwa vizuri sana, vizuri kiasi kwamba mwaka wa uchaguzi walipiga kura ya kwenda kuvitafuta, na haikuleta matunda. "Baba watoto," mkewe alimwambia siku moja, akiwa nje kwenye mvua na daftari za watoto kichwani, "mwizi akija nyumba hii nitamfurahia. Angalau tutakuwa wawili tunaotafuta njia ya kuingia."

Basi ndivyo walivyokaa, mpaka mwezi ule mhariri alipomwita akamwambia kurasa zinapunguzwa. Wasomaji wanataka chemshabongo. Ukurasa wa usalama utatolewa kuipisha, isipokuwa jambo moja litokee: mji umeletewa Kamanda mpya wa polisi, na mtu huyo hapendi waandishi. Amekataa magazeti yote. Lakini amesema gazeti hili analisoma, na akiandikwa wasifu wake, basi auandike Mzee Kitasa na si mwingine. Tena atakuja mwenyewe nyumbani, Jumamosi saa za asubuhi, aione hiyo nyumba ya mfano. Ukiuleta wasifu, mhariri alisema huku akitafuta miwani aliyoivaa, ukurasa ni wako. Usipouleta, tutakushukuru kwa barua nzuri.

Mzee Kitasa alirudi akitembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa. Hakuwa na hofu ya njaa. Pensheni ilikuwepo, na mkewe alikuwa na kazi. Alichoogopa ni kitu ambacho hakukisema kwa mtu. Kabla ya ukurasa ule aliishi miaka miwili ya mstaafu asiyeulizwa chochote na yeyote. Unajua kukaa barazani watu wakakusalimia mbio mbio kama wanaosalimia nguzo? Sasa kila akitoka alisimamishwa, mzee, samahani, dirisha langu la nyuma. Aliupenda ule "mzee, samahani" kuliko sukari.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo alikwenda sokoni, na mkewe alikuwa shuleni. Aliporudi mchana alipita nyumba yake akaenda hatua kadhaa mbele, kwa maana hakuijua. Akarudi. Akasimama.

Mlango haukuwepo.

Usidhani ulikuwa umevunjwa. Ulikuwa umeondoka, mzima, pamoja na fremu yake, na pale ulipokuwa palibaki uwazi wa mstatili uliochongwa kwa ustadi. Sebule ilionekana yote kutoka barabarani. Redio ilikuwa mezani. Saa ya ukutani ilikuwa ukutani. Koti lake jipya lilining'inia pale pale. Kifusi kilikuwa kimefagiliwa kikakusanywa pembeni, na fagio likasimamishwa mahali pake, kichwa juu, kama mkewe alivyotaka siku zote likawa halisimamishwi.

Jirani wa nyumba ya pili alitoka akipangusa mikono. Huyu mtaa ulimwita Bwana Pole, kwa sababu alikuwa haanzi sentensi bila kuomba radhi.

"Pole na safari, jirani," alisema. "Samahani, mafundi wako wamekwisha ondoka. Vijana wa adabu, wale. Niliwasaidia kuunyanyua, maana mzito, pole, sijui uliutoa wapi mlango mzito namna ile."

Mzee Kitasa alimuuliza kwa sauti iliyotoka mbali, mafundi gani.

Hapo Bwana Pole akaanza kupoteza rangi. Alieleza kwamba walikuja na toroli na patasi, wakafanya kazi asubuhi nzima bila kujificha, wakaimba hata. Na yeye hakuwa mjinga, aliukumbuka ukurasa wa Jumapili, ule wa "Muulize fundi jina lake." Basi aliwauliza. Wakamtajia, mmoja mpaka la baba yake. Akawapa maji. Wakashukuru. Akawafungulia njia kwa kuondoa baiskeli yake.

"Wamechukua nini?" aliuliza mkewe aliporudi. Alisimama barabarani na mkoba wake, akaitazama sebule yake kama mtu anayetazama dirisha la duka.

"Mlango."

"Na nini?"

"Mlango tu."

Mwalimu alifikiri. Kisha akauliza: ulikuwa umefungwa? Ulikuwa umefungwa. Kwa kitasa? Kwa kitasa, ndimi zote tatu. "Basi kitasa chako ni kizuri," alisema. "Kimeulinda mlango mpaka ulipofika." Halafu akaingia ndani kwa kupitia ukutani, akavua viatu, akaangua kicheko hadi akakaa chini. Mumewe hakucheka. Mganga hajigangi, watu watasema, na wataendelea kusema, na Kamanda atakapokuja kuona nyumba ya mfano ataonyeshwa tundu.

Kwa seremala walimwambia mlango wa mbao kama ile si wa siku mbili, labda wa karatasi. Polisi hakwenda. Angeanzaje? Angesimama kaunta aseme jina, na askari wangesimama kwa heshima. Mkewe akashona pazia kwa vitambaa vya rangi vilivyobaki shuleni, kwa hiyo lilikuwa na herufi za kujifunzia na picha ya kuku. Wakilitundika, alipanga, watasema wanapaka rangi. "Na ukiulizwa zaidi, unyamaze utabasamu. Watoto wangu wa miaka minne wanaweza. Na wewe utaweza."

Lakini Bwana Pole alikuwa hapati usingizi. Aliona dhambi ile inamning'inia shingoni. Ijumaa jioni alikuja akivuta mbwa. Alikuwa mbwa mkubwa wa kijivu, mzee, mwenye sikio moja lililolala, aliyerithiwa kutoka kwa shemeji yake marehemu aliyekuwa askari wa kikosi cha mbwa. Kwa kuwa mbwa mwenyewe alistaafu kazi ya polisi, watu walimwita Sajini. Shughuli za Sajini zilikuwa mbili, kulala na kugeuka. Bwana Pole akasema, samahani, pole, kama mlango hakuna, basi angalau mtu asimame mlangoni. Wakamfunga kwa kamba kwenye msumari, akalala chini ya picha ya kuku kana kwamba amezaliwa hapo.

Jumamosi Kamanda alikuja bila king'ora, akiwa na dereva tu. Alikuwa mtu mnene, mrefu, mwenye kovu dogo mkononi na mwendo wa kuchungulia kila kona kabla ya kuipita. Watu mtaani waliuona mwendo ule wakanong'onezana kwamba ndivyo wapelelezi wakubwa wanavyotembea. Mzee Kitasa alitoka kumlaki, shati limenyooshwa, mkono mbele. Mkewe alisimama nyuma yake akitabasamu na kunyamaza kama walivyoagana.

"Shikamoo, afande," alisema Mzee Kitasa, ingawa umri haukumlazimu.

Kamanda hakuitika. Alikuwa akimtazama Sajini.

Na Sajini, aliyekuwa hajafungua jicho tangu jana, alifungua mawili. Akanusa. Akasimama, na walioona wanaapa kwamba lile sikio lililolala lilisimama nalo. Msumari ulitoka ukutani pamoja na kamba, pazia likashuka na herufi zake zote, na mbwa yule mzee akaruka kama risasi akamng'ang'ania Kamanda mkono wa kulia, juu kidogo ya kiwiko.

Dereva alipiga kelele. Bwana Pole alikimbia akiomba radhi kwa kila hatua. Lakini Kamanda hakupiga kelele wala hakukimbia. Alifanya jambo ambalo mtaa ule utalisimulia mpaka kiama. Aliushusha mkono taratibu, akapiga magoti, akalala kifudifudi vumbini, akakunja miguu, kisha akasema kwa sauti ya kazi, bila hasira, "Nimekubali. Nimekubali, afande. Niitieni mwenye mbwa."

Sajini akamwachia hapo hapo. Akakaa kando yake, kifua mbele, akisubiri kusifiwa.

Walimwingiza ndani. Hakukuwa na haja ya kufungua chochote. Meno yalikuwa machache, kwa hiyo mkono ulikuwa salama; kilichochanika ni mkono wa sare. Mwalimu akamvua koti akalishona huku akimwambia "tulia, tulia, mtoto mzuri," na Kamanda akatulia. Kisha Kamanda akatazama palipokuwa mlango, akatazama pazia lililolala nje, akamtazama mwandishi wake.

"Wameuiba," alisema.

Mzee Kitasa alikubali kwa kichwa. Ukurasa aliuona ukienda, ukipinda kona, ukipotea. Hata tabasamu lilimshinda.

"Na vyote vilivyomo wameviacha," aliendelea Kamanda, kama anayezungumzia hali ya hewa. "Mimi ningefanya hivyo hivyo. Ukiona kitasa kile gazetini, hufikirii tena habari ya nyumba. Unakitaka chenyewe. Unakipeleka kwako ukakihangaikie kwa nafasi."

Mwalimu aliuliza, sindano ikiwa hewani, amejuaje mawazo ya mwizi.

Kamanda akacheka kicheko kifupi, akasema kwamba wameshaona wenyewe, hakuna la kuficha tena. Makao makuu wasifu wake una mstari mmoja, "alianzia Kikosi cha Mbwa," na kila anayeusoma humwona amesimama na mbwa kwenye kamba. Yeye alikuwa upande wa pili wa kamba. Alikuwa mwizi. Kila asubuhi alivalishwa koti lililoshonwa kwa magunia na pamba, akapewa mfuko wa kuiba, akaiba, akakimbia, mbwa akafunguliwa. Mchana akaiba tena. Vizazi na vizazi vya mbwa wa polisi vilifundishwa juu ya mwili wake. Alipanda cheo kwa sababu hakuna mtu aliyejua njia za wezi kama yeye; kila kesi ikija alijiuliza, mimi ningepita wapi, na akaenda kumngoja mtu hapo. Lakini mbwa hawasomi vyeo. Wakistaafu, huenda mitaani, na yeye hawezi kupita mtaa asioujua bila kuchungulia kona. Juzi tu alikamatwa na mmoja katikati ya hotuba.

"Sasa nitaandikwa nini?" aliuliza. "Kamanda aliyekuwa mwizi wa serikali?"

Wanasema ajali ikija haiji peke yake, na hata ukweli ndivyo. Mzee Kitasa alimtazama mtu yule mkubwa aliyekaa na fulana, akimngoja mkewe amalize kushona, akahisi kwamba kukaa na siri ya mwenzako huku yako umeikalia ni kama kula peke yako mbele ya mgeni. Akasema kwamba yeye alikuwa mpiga ngoma. Akasema tu, bila dibaji. Hakukimbiza mtu juu ya mabati. Alipiga ngoma kubwa, sherehe na misiba, magwaride yote ya kuhitimu mafunzo chuoni kwa miaka yake yote ya kazi.

Kamanda aliinamisha kichwa mbele, kama anayetega sikio.

"Yote?"

"Yote."

"Hata lile la mwaka wa mafuriko? Uwanja ulikuwa na matope, mgeni rasmi kachelewa?"

Mzee Kitasa alilikumbuka. Hakuna mpiga ngoma anayesahau gwaride lile. Nyigu alimwingia kwenye kola bendi ikiwa inapita mbele ya jukwaa, naye, badala ya pigo moja, akapiga mawili ya haraka, kisha akashika tena mstari. Hakuna aliyemkemea. Alijua hakuna aliyesikia.

"Nilisikia mimi," alisema Kamanda polepole. "Mstari mzima wa makuruti ulibaki na mguu wa kushoto. Mimi nikabadili mguu, kwa sababu ngoma ilisema badili. Nikawa mtu mmoja kulia, watu mia kushoto, mbele ya jukwaa. Mkuu wa chuo akaniuliza kama ni kiziwi. Wenzangu walipangiwa vituo vizuri, mimi nikapelekwa kwa mbwa. Maisha yangu yote nimejiambia, labda ni masikio yangu."

Sasa hapo msikilizaji wangu usiulize habari ya mlango. Mlango ulikuwa umesahaulika. Mzee Kitasa aliona mbele yake mtu ambaye, akinyanyuka na kutoka, anatoka na ukurasa, na jina, na kila "mzee, samahani" ya dunia hii. Angeweza kusema nyigu hakuwepo. Hakuna shahidi wa nyigu.

"Yalikuwa mawili," alisema. "Masikio yako mazima, afande."

Kamanda alisimama. Alipanda juu kama pazia linalofunuliwa. "Piga," alisema.

Hakukuwa na ngoma nyumbani. Mwalimu, bila kuuliza, alileta beseni kubwa la kufulia, akaligeuza, akampa mumewe mwiko. Mzee Kitasa alilikumbatia tumboni kwa namna ambayo mkono haujasahau, akaanza. Dum. Dum. Dum. Na Kamanda wa polisi wa mji mzima, akiwa na fulana, kidevu juu, akaanza kwenda gwaride sebuleni: kushoto, kulia, akazunguka meza, akapita kabati, akakata kona. Mwiko ulipofika pale pa nyigu ulipiga mawili ya haraka. Kamanda akabadili mguu, safi kabisa, kama maji yanavyogeuka kwenye mfereji. Na kwa kuwa hapakuwa na mlango wa kumzuia, na mguu ulikuwa umeshika mstari, akatoka moja kwa moja barabarani.

Mpiga ngoma alimfuata. Angefanyaje? Mpiga ngoma hasimami gwaride likiwa linakwenda. Dereva alikaza mgongo akapiga saluti. Bwana Pole alivua kofia na kuomba radhi. Sajini akainuka akafuata nyuma, sikio moja juu, jingine limerudi kulala. Watu walitoka madukani. Mmoja aliuliza ni sherehe gani, mwenzake akamjibu kwamba ni doria mpya.

Walifika mwisho wa mtaa, Kamanda akasimama kwa kishindo, akageuka. Macho yake yalikuwa na maji.

"Nilijua si mimi," alisema. Kisha akasema, "Andika yote. Na la nyigu uliandike."

Akaandika. Aliandika jioni ile na Jumapili nzima, mwizi wa serikali na mpiga ngoma, beseni na mwiko, na mwisho akaongeza aya ya mlango. Alieleza ulivyochukuliwa, akataja na vijana waliofagia, akaandika kwamba kitasa kile hakifunguki bila ufunguo wake, na ufunguo anao yeye, aliye na mlango aje. Mhariri alisoma akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Alisema kwamba miaka yote hii alidhani ameajiri mpelelezi. Mzee Kitasa akasema alijaribu kueleza, simu ikalia. Simu ikalia. Mhariri hakuipokea.

Ukurasa ulibaki, lakini nusu. Nusu ya chini ilipewa chemshabongo, na chini ya picha pakawekwa maneno mapya: "Mwandishi alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi ya polisi." Wiki ya kwanza aliogopa kutoka nje. Alipotoka, mama mmoja alimsimamisha kabla hajafika dukani. "Mzee, samahani," alisema, "dirisha langu la nyuma. Na pia kuna mwanangu anataka kujifunza ngoma."

Siku hizo hizo akaja mtu amechoka, suruali imechanika gotini. Alisema ameusoma ukurasa. Alinunua mlango kwa vijana wa toroli, akadhani ni halali, fundi akaujenga ukutani kwake pamoja na fremu yake. Ulikuwa umefungwa wakati wanaujenga, na umefungwa mpaka leo. Yeye, mkewe na mama mkwe wake wanapitia dirishani. Mama mkwe hasemi naye tena. Alikuwa haombi mlango, alisema, wala hagombani na mwenyewe. Alikuwa anaomba tu ufunguliwe mara moja, mama mkwe atoke kwa heshima.

Walikwenda pamoja, Kamanda naye akaja kwa kupenda kwake. Ufunguo ulizunguka, ndimi tatu zikaingia ndani kwa sauti ya kumeza, mama mkwe akatoka bila kumtazama mtu. Kisha wakaung'oa mlango. Vijana wa toroli Kamanda aliwapata baada ya siku chache. Alikuwa amekaa tu mahali ambapo yeye mwenyewe angepita.

Mlango wenyewe ulirudi mchana wa siku ile ile ulipong'olewa, umebebwa na Kamanda upande mmoja, Mzee Kitasa upande mwingine, na dereva katikati. Lakini kwenye uwazi alisimama Bwana Pole, na Sajini pembeni yake. Bwana Pole alikuwa ameapa hatarudia kosa lile maishani. Alisema samahani, alisema pole, ila hapiti mtu na mlango hapa kabla hajaona kitambulisho. Kamanda alionyesha chake. Dereva chake. Mzee Kitasa alieleza kwamba hii ni nyumba yake. Bwana Pole akasema hata wale wa kwanza walitaja majina, mmoja mpaka la baba yake.

Kitambulisho kilikuwa ndani, kimefichwa mahali pazuri sana. Wakaushusha mlango chini. Jua lilikuwa kali. Mwisho wakamwita mwalimu atoke amtambulishe, naye akatoka na chaki mkononi, akamtazama mumewe kuanzia kiatu mpaka kipara, bila haraka, kama anayekagua kucha za watoto.

"Huyu namjua," alisema. "Ni mpiga ngoma. Mruhusu apite."